Kununua Gari: Shorumu, Yadi, Mnada au kwa Mwenyewe?

Katika miaka kumi na minane nimenunua magari manne, na kila moja nimelipata kwa njia yake: la kwanza katika yadi ya magari yaliyotumika, la pili likiwa jipya kutoka shorumu ya wakala wa kiwanda, la tatu kwenye minada ya Japani kupitia mtandaoni, na la nne, ambalo ndilo ninaloliendesha sasa, kutoka kwa mtu aliyekuwa akilitumia mwenyewe. Sikupanga iwe hivyo. Kila mara nilikuwa nikikimbia kasoro za njia iliyotangulia na kwenda kukutana na kasoro za njia mpya. Tathmini hii basi ni ya njia zenyewe wala si ya magari, kwa sababu gari zuri linaweza kununuliwa vibaya, na nimewaona watu wawili wakinunua gari la aina moja na la mwaka mmoja, mmoja akawa mwenyeji wa gereji na mwingine akasahau hata njia ya kwenda huko.

Nilichojifunza ni kwamba tofauti ya bei kati ya njia moja na nyingine, kwa sehemu kubwa, haitokani na gari. Ni bei ya kuambiwa ukweli. Muuzaji analijua gari lake na mnunuzi halijui, na kila njia ya kuuza magari imejengwa juu ya pengo hilo, ama kulipunguza kwa malipo ama kulitumia kwa faida. Mchumi wa Marekani, George Akerlof, aliieleza hali hii mwaka 1970 kwa mfano wa magari yaliyotumika: mnunuzi asiyeweza kutenganisha gari zima na bovu hutaja bei ya katikati, bei hiyo humkatisha tamaa mwenye gari zima, naye huliondoa sokoni, yanayobaki ni yale ambayo wenyewe wanafurahi kuachana nayo. Kazi hiyo ilichangia kumpatia Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2001, pamoja na Michael Spence na Joseph Stiglitz. Mimi nilikutana na hoja hiyo nikiwa nimeshanunua gari langu la kwanza, kwa hiyo sikuhitaji kushawishiwa.

Nianze na yadi, kwa kuwa ndiko wengi wetu huanzia. Uzuri wake hauna ubishi: magari thelathini au arobaini yamepangwa mahali pamoja, unafungua mlango wa hili na kukaa ndani ya lile, unalinganisha, na kama fedha zako ziko tayari unaweza kuondoka na ufunguo siku hiyohiyo huku shughuli za kubadilisha umiliki zikifanywa na watu wanaozijua. Ubaya wake ni kwamba gari la yadini limeandaliwa kutazamwa. Injini imeoshwa hadi inang'aa, na injini iliyooshwa haionyeshi tena mahali oili ilipokuwa ikivuja. Tairi zimepakwa dawa ya kuzitia weusi. Ndani kuna manukato makali kiasi cha kumfanya mtu ajiulize yamewekwa kufukuza harufu gani.

Gari langu la kwanza lilisoma kilomita 86,000 kwenye dashibodi. Wiki ya tatu, nilipokuwa nikilifuta vumbi, niliona kwenye nguzo ya mlango wa dereva, chini kidogo ya bawaba, kibandiko kidogo cha kumbukumbu ya kubadilisha oili, kimefifia na kuandikwa kwa kalamu ya wino: 148,200, pamoja na tarehe ya miaka miwili kabla sijalinunua. Aliyekumbuka kushusha mileji hakukumbuka kuufungua mlango hadi mwisho. Niliporudi yadini niliambiwa, kwa upole sana, kwamba wao pia walilinunua likiwa hivyohivyo na kwamba mkataba niliotia sahihi unasema nimelikagua gari na kuridhika nalo. Ilikuwa kweli. Maneno hayo yalikuwapo, kwa herufi ndogo, ukurasa wa pili.

Tangu hapo siiamini namba ya dashibodi mpaka vitu vingine vikubaliane nayo. Mileji ya kidijitali hubadilishwa kwa kifaa kinachochomekwa kwenye soketi ya kupimia iliyo chini ya usukani, na kazi hiyo ni ya dakika chache; lakini mpira wa pedeli ya breki ulioisha upande mmoja, ngozi ya usukani iliyolainika ikateleza kama jiwe la mtoni, na ukingo wa kiti cha dereva uliobonyea pale mtu anapoteremkia, haviwezi kurudishwa nyuma kwa kompyuta. Pedeli mpya kabisa katika gari la miaka kumi nazo zina habari yake. Tairi pia husema: ubavuni kuna tarakimu nne zinazotaja wiki na mwaka wa kutengenezwa, kwa mfano 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019, na gari linalodaiwa kutembea kidogo mno huku likiwa limeshamaliza seti mbili za tairi linahitaji maelezo. Kila kioo kina alama ya mtengenezaji kwenye kona. Kimoja kikiwa na alama isiyofanana na vingine, kimebadilishwa, na ni haki yako kuuliza kwa nini. Boneti na fenda zimefungwa kwa bolti zilizopakwa rangi pamoja na bodi kiwandani, kwa hiyo bolti iliyochubuka rangi kwenye kona zake imewahi kuguswa na spana. Na ukiinua kapeti ya buti ukatoa tairi la akiba, ukakuta tope jembamba limekauka shimoni, gari hilo limelala kwenye maji.

Siwezi kusema kwamba yadi zote ni za ulaghai, na zipo zinazomruhusu mnunuzi alipeleke gari kwa fundi wake bila kunung'unika. Kipimo changu ni hicho hicho: yadi inayokataa gari lisitoke kwenda kukaguliwa imeshanijibu, na hakuna bei itakayonirudisha.

Kutoka hapo nilikimbilia shorumu. Gari jipya ndilo gari pekee ambalo hakuna mtu anayelijua zaidi yako, na amani inayotokana na jambo hilo ni kubwa kuliko inavyosimuliwa. Lina waranti, lina kitabu cha matengenezo ambacho ukurasa wake wa kwanza utaujaza wewe, na kelele yoyote utakayoisikia umeisababisha mwenyewe. Gharama yake inajulikana na kila mtu: mwaka wa kwanza hula thamani ya gari kuliko mwaka mwingine wowote, na sehemu ya hasara hiyo hutokea siku linapovuka geti likawa, kwa jina, gari lililotumika.

Kinachozungumzwa kidogo ni namna shorumu inavyouza. Bei ya gari haikuwa mada. Kijana mwenye tai aliniuliza mara tatu, kwa maneno matatu tofauti, ni kiasi gani ningeweza kutoa kila mwezi. Mtu akishajibu swali hilo, bei ya gari, muda wa mkopo, riba, bima na dawa ya kuzuia kutu vinaweza kusogezwa huku na huko ndani ya kiasi alichokitaja bila yeye kuhisi. Anayekopa anapaswa kuuliza jambo moja kwanza: riba inahesabiwa juu ya deni lote la mwanzo, au juu ya salio linalopungua? Tuseme umekopa 100 kwa miaka mitatu kwa riba ya asilimia 10 kwa mwaka inayohesabiwa juu ya deni la mwanzo. Utarudisha 130 kwa miezi 36. Inasikika kama asilimia 10, lakini mwishoni mwa mwaka wa pili, ukiwa umeshalipa sehemu kubwa ya deni, bado unatozwa riba kana kwamba fedha zote zimo mkononi mwako. Ukiigeuza iwe riba ya salio linalopungua, mkopo huo unagharimu karibu asilimia 18 kwa mwaka. Benki itakayokutajia asilimia 14 juu ya salio ni nafuu kuliko shorumu iliyokutajia 10, na watu wengi huchagua 10.

Kuhusu waranti, soma kisichomo. Pedi za breki, wipa, tairi na klachi kwa kawaida huhesabiwa kuwa vitu vya kuisha na havilipiwi, na kuruka ratiba ya matengenezo kunaweza kukupotezea dai lako siku utakapolihitaji. Mambo haya yamo kwenye kijitabu ambacho wengi hukiacha kwenye kabati la dashibodi kikiwa bado ndani ya nailoni.

Ndani ya shorumu hizohizo kuna njia ya katikati ambayo naiona haithaminiwi vya kutosha. Nayo ni magari yaliyotumika ambayo wakala mwenyewe ameyakagua na kuyawekea waranti fupi, pamoja na magari yaliyokuwa yakitumiwa kuwajaribisha wateja. Hayo yameshapita mwaka wa hasara kubwa, yana kumbukumbu za gereji moja, na anayeyauza atakuwapo hapohapo mwezi ujao. Bei yake ni ya juu kuliko ya yadi, na nyongeza hiyo ndiyo malipo ya ukweli niliyoyataja mwanzoni. Mtu asiyejua lolote kuhusu injini na asiye na fundi wa kumwamini, huku ndiko ningempeleka.

Kukodi gari jipya kwa miaka miwili au mitatu kisha kulirudisha ni biashara ya mtu anayependa gari jipya wakati wote na anayejua kwa hakika atatembea kilomita ngapi, kwa kuwa zikizidi kiwango cha mkataba kila moja hulipiwa, na mikwaruzo huhesabiwa siku ya kurudisha. Mwisho wa yote huna gari. Sina zaidi la kusema juu yake.

Mnada wa Japani ndio ulionifunza mengi. Kwanza niseme kwamba, kwa upande wa taarifa, mfumo wenyewe ni bora kuliko yadi yoyote niliyowahi kuingia. Kabla gari halijapigwa mnada, mkaguzi wa nyumba ya mnada hulizunguka na kujaza karatasi moja: daraja la jumla, kuanzia S kwa gari ambalo ni kama jipya, kisha 6, 5, 4.5, 4, 3.5 na kushuka. Herufi ya hali ya ndani. Na mchoro wa gari lililofunuliwa kama boksi, wenye alama mahali penye dosari. A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni mahali palipokarabatiwa, XX ni paneli iliyobadilishwa, S ni kutu, na namba inayofuata herufi huonyesha ukubwa wa tatizo. Daraja R au RA maana yake gari lilipata ajali likatengenezwa. Mkaguzi huyo si muuzaji wala si mnunuzi, na hilo ndilo linaloipa karatasi yake uzito.

Kasoro ni kwamba karatasi imeandikwa Kijapani na wewe unaiona kupitia kwa msafirishaji. Mimi nilitumiwa muhtasari uliotafsiriwa: daraja 4, mkwaruzo mlangoni, ndani safi. Gari lilipofika, fundi alilipandisha juu, akapitisha bisibisi kwenye boriti ya chini, na maganda ya kutu yakamdondokea kifuani. Nilidai karatasi halisi, na safari hii nilimpelekea mtu anayekisoma Kijapani. Mstari wa mwisho wa maelezo ya mkaguzi, ambao muhtasari wangu uliuruka, ulitaja kutu chini ya gari. Sehemu za kaskazini mwa Japani barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji, na gari la huko huozea chini huku juu likiwa limependeza. Mkaguzi alikuwa amefanya kazi yake, lakini mimi nilinunua muhtasari. Siku hizi anayeniomba ushauri namwambia adai picha ya karatasi nzima kabla ya kulipa hata senti, kisha aitafutie mfasiri asiyekuwa na hisa katika biashara hiyo.

Jambo jingine linalowapotosha wengi ni namba ya chesisi. Magari yanayouzwa kimataifa yana namba yenye tarakimu na herufi 17, ambazo kamwe hazina I, O wala Q ili zisichanganywe na 1 na 0, na kwa namba hiyo unaweza kununua historia ya gari au kuangalia kama kiwanda kimeliita kurekebishwa. Gari lililotengenezwa kwa ajili ya soko la ndani la Japani lina namba fupi ya chesisi, kwa hiyo tovuti nyingi za historia hazitakuonyesha kitu, na kutoonyesha kitu hakumaanishi gari ni safi. Itafute namba hiyo kwenye ukurasa wa kiwanda chenyewe. Sababu ipo: mifuko ya hewa ya usalama iliyotengenezwa na kampuni ya Takata iliwekwa katika makumi ya mamilioni ya magari ya kampuni nyingi, na dawa inayoifyatua huharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi hata ikaweza kulipuka na kurusha vipande vya chuma kwa dereva. Takata ilifilisika mwaka 2017, lakini magari yenye mifuko yake bado yako barabarani na yanauzwa kila siku.

Ukiagiza gari, elewa pia kwamba bei ya CIF inajumuisha gari, bima na nauli ya meli hadi bandarini kwako, na haijumuishi ushuru wala gharama za kulitoa. Na barua pepe ikija usiku kukuarifu kwamba akaunti ya benki imebadilika, usijibu barua hiyo. Piga simu kwa namba uliyokuwa nayo tangu mwanzo.

Minada ya magari ambayo benki zimeyakamata kwa wadaiwa inavutia kwa bei, lakini gari huuzwa jinsi lilivyo, mara nyingi bila kuliendesha. Tena mtu aliyeshindwa kulipa rejesho alishindwa kubadilisha oili miezi mingi kabla yake. Ni njia ya mafundi, nao waachiwe.

Gari langu la nne nilikwenda kuliona asubuhi na mapema, kwa makusudi, na kabla ya kusalimiana vizuri na mwenyewe niliweka kiganja juu ya boneti. Ilikuwa baridi. Injini inayowashwa ikiwa baridi ndiyo inayosema kweli: moshi wa buluu, mlio wa mnyororo, kutetemeka kwa sekunde za kwanza, vyote hupotea injini ikishapata moto, na muuzaji anayekupokea gari likinguruma tayari amekunyima maelezo hayo. Mzee yule alicheka, akaniambia, "Ndugu yangu, hata mimi nilipolinunua nilifanya hivyohivyo." Kisha akatoa daftari la shule lenye jalada lililokunjamana. Miaka saba ya gari hilo ilikuwamo: tarehe, kilomita, oili, plagi, shokapu za mbele, mkanda wa taimingi, na pembeni ya ukurasa mmoja maneno "fundi kaacha bolti moja, kufuatilia". Hakuna yadi inayoweza kuuza kitu kama hicho, na hakuna mtu anayeweza kukighushi kwa jioni moja, kwa kuwa wino ulikuwa wa kalamu kumi tofauti.

Ni kweli kwamba mtu binafsi hakupi waranti, na akishapokea fedha amemalizana nawe. Kwa hiyo kazi yote lazima ifanyike kabla. Jina lililo kwenye hati ya umiliki lifanane na la kitambulisho chake. Namba ya chesisi kwenye chuma ifanane na ya kwenye hati. Mamlaka inayosajili magari ithibitishe kwamba gari halijawekwa rehani, maana deni la benki linaweza kulifuata gari kwa mmiliki mpya. Likiwa la umeme, swali la kilomita linatanguliwa na swali la betri: viwanda vingi hudhamini betri kwa miaka minane au kilomita 160,000, na baadhi ya magari huonyesha yenyewe uwezo uliobaki, kama Nissan Leaf yenye vistari 12 kwenye dashibodi, ambavyo hupotea kimoja kimoja betri inavyozeeka. Fundi wangu alilipima gari la mzee kwa saa mbili, akakuta bushi za nyuma zimekwisha na rejeta imeanza kuvuja kwenye kona. Mzee alisema la rejeta hakulijua, tukapunguza bei kwa gharama ya vitu hivyo viwili na si zaidi.

Kilichobaki kilikuwa ufunguo wa akiba. Funguo za magari ya sasa zina chipu, na kutengeneza mwingine ni gharama inayouma. Zaidi ya hayo, ufunguo usiojulikana uliko ni ufunguo ulio mkononi mwa mtu mwingine. Mzee aliingia ndani kuutafuta, akakaa karibu nusu saa, nami nikaendelea kusubiri nje na fedha zangu zikiwa bado zangu. Alirudi nao ukiwa ndani ya kifuko cha kiwandani, haujawahi kutumika, ndipo tukaongozana kwenda benki.